Texas Hakuna Kodi ya Mapato, Lakini Siku Mbaya Unaibeba Mwenyewe



Kila mwaka ikifika Januari, mazungumzo ya Waswahili tulioko Minnesota huwa ni yale yale. Uwe kanisani, msikitini, kwenye harusi au kwenye duka la vyakula vya kwetu kule Brooklyn Park, hakosekani mtu wa kukung'uta theluji viatuni na kusema, "Ndugu yangu, mimi mwaka huu nahamia Texas." Wengine wanataja Florida, wengine Arizona, wengine Georgia au Tennessee. Lakini Texas ndiyo kinara. Na sababu ni tatu, zinakaririwa kama sala: kuna joto, hakuna kodi ya mapato, na nyumba ni za bei poa.

Siwalaumu. Tarehe 30 Januari 2019 hapa Minneapolis kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, kwa vipimo vya Selsiasi. Kwa mtu aliyekulia Tanga, ile siyo hali ya hewa, ile ni adhabu.

Safari hii mazungumzo yameingia nyumbani kwangu. Shemeji yenu ni muuguzi, na kuna hospitali moja ya Houston inamtaka. Tuna binti wa miezi 14. Mimi ni ripota wa gazeti, kazi ambayo haihamishiki kirahisi kama ya kuchoma sindano. Kwa hiyo kwa wiki kadhaa nimefanya kile nilichosomea chuoni na ninacholipwa kukifanya kazini: kusoma sheria, kupiga hesabu, kuwapigia simu waliotangulia, na kutoamini sana kinachosemwa harusini.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kuhamia jimbo la joto si ujinga, na familia changa nyingi zimefanikiwa huko. Lakini zile sababu tatu ndizo dhaifu kuliko zote. Swali la maana kwa mwenye mtoto mdogo halihusu kiasi kinachobaki mfukoni mwisho wa mwezi. Linahusu siku mambo yakiharibika: mtoto akiugua, kazi ikiota mbawa, umeme ukikatika wiki nzima. Nani atakubeba? Minnesota inakukata leo ili ikusaidie kubeba kesho. Texas inakuachia chote leo, na kesho unabaki nayo wewe. Mwenye nguvu za kuibeba kesho hiyo aende. Asiye nazo asidanganywe na jua.

Joto halijawahi kuhamisha mtu

Tuanze na hilo joto, maana ndilo linalotajwa kwanza.

Historia ya nchi hii inaonyesha kwamba watu hawahami kwa kufuata jua. Kati ya mwaka 1910 na 1970, Wamarekani weusi wapatao milioni 6 waliondoka majimbo ya kusini wakaenda Chicago, Detroit, New York na hata California. Wengi wao waliacha jua wakafuata theluji. Kwa nini? Kusini kulikuwa na sheria za ubaguzi, watu kunyongwa na makundi mchana kweupe, na kilimo cha kugawana mavuno ambacho kilimfunga mkulima kwa madeni maisha yake yote. Kaskazini kulikuwa na viwanda vilivyolipa mshahara. Gazeti la Chicago Defender, lililoanzishwa na Robert Abbott mwaka 1905, liliwahimiza wahame, na wahudumu weusi wa treni walilibeba hadi kusini wakaligawa chini chini. Sisi wa magazeti tuna haki ya kujivunia kidogo hapo.

Kuanzia miaka ya 1970 mkondo ukageuka. Viwanda vya kaskazini vikaanza kufungwa, sheria za ubaguzi kule kusini zilikuwa zimefutwa, ardhi ilikuwa rahisi, na kiyoyozi kilikuwa kimeingia majumbani. Kiyoyozi chenyewe, kwa taarifa yenu, hakikubuniwa kumpoza binadamu. Mwaka 1902 Willis Carrier alibuni mtambo wake kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, ambako karatasi zilikuwa zikivimba kwa unyevu na rangi zinashindwa kukaa sawasawa. Karatasi zilipozwa kwanza, watu wakafuata baadaye.

Matokeo yake tuliyaona kwenye sensa ya mwaka 2020. Texas iliongezewa viti 2 katika Bunge la Marekani, Florida kimoja. New York ilipoteza kiti kwa upungufu wa watu 89 tu. Na kiti kilichogawiwa mwisho kabisa, cha 435, kilichukuliwa na Minnesota, iliyonusurika kwa upenyo wa sindano. Kwa hiyo mnaosema watu wanahamia kusini, hamkosei. Ila wanafuata ajira na nyumba. Jua ni nyongeza.

Hata kwetu ni hivyo hivyo. Mchaga hakuondoka Rombo, penye ubaridi na migomba, kwa sababu ya kupenda jasho la Kariakoo. Alifuata biashara. Joto alilivumilia.

Hebu tupige hesabu ya kodi

Sasa tuje kwenye kodi, maana hapa ndipo watu wanapojazana upepo. Nimemsikia mtu mzima na akili zake akisema Minnesota "inakula asilimia 10 ya mshahara". Si kweli. Kiwango cha juu kabisa cha kodi ya mapato hapa ni asilimia 9.85, lakini hicho ni cha matajiri, na kinatozwa kwenye sehemu ya juu tu ya kipato chao.

Chukua mke na mume wenye kipato cha pamoja cha dola 90,000 kwa mwaka. Kwa viwango vya mwaka 2025, Minnesota inawaachia dola 29,900 za kwanza bila kutoza kitu. Zinabaki dola 60,100. Sehemu kubwa yake inatozwa asilimia 5.35 na kipande cha juu asilimia 6.8. Jumla inakuja kama dola 3,400 kwa mwaka, yaani chini ya asilimia 4 ya kipato chote. Ni kama dola 283 kwa mwezi. Hicho ndicho Texas "inachokupa". Si haba, lakini si utajiri.

Na Texas nayo ina shule za kuendesha, barabara za kujenga na polisi wa kulipa. Pesa haidondoki kutoka mbinguni. Inatoka kwenye kodi ya mauzo, ambayo Houston ni asilimia 8.25, na zaidi inatoka kwenye kodi ya nyumba na ardhi, ambayo ni miongoni mwa kubwa zaidi Marekani. Kwenye vitongoji vingi ukijumlisha ya shule, ya kaunti, ya mji na ya wilaya za maji, kiwango kinafika asilimia 2 au kuzidi. Kwa nyumba ya dola 300,000, kila asilimia moja ni dola 3,000. Ile 3,400 uliyookoa inamezwa na asilimia moja na kidogo.

Nitende haki. Wanasiasa wa Texas wamesikia kilio. Mwaka 2023 msamaha wa kodi ya shule kwa mtu anayeishi kwenye nyumba yake ulipandishwa hadi dola 100,000 za thamani ya nyumba, na Novemba 2025 wapiga kura wakaidhinisha 140,000. Huo ni unafuu wa kweli. Lakini soma tena hayo maneno: anayeishi kwenye nyumba yake. Nyumba ya kupangisha haipati msamaha huo. Mwenye nyumba analipa yote, halafu anaitia kwenye pango. Na sisi wageni, familia changa, mwaka wa kwanza na wa pili ni wapangaji.

Bei ya nyumba kule ni nafuu kweli, hilo sibishi. Houston ndio mji mkubwa kuliko yote Marekani usio na sheria za kugawa maeneo, zile zinazosema hapa makazi, hapa maduka, hapa viwanda. Wanajenga haraka na wanajenga popote. Ndiyo maana mtu mwenye mshahara wa kawaida anapata nyumba ya vyumba vitatu na uwanja wa nyuma. Ila kujenga popote kuna bili yake, na nitaifikia.

Nani anakubeba?

Hapa ndipo penye uzito.

Mwaka 1992 Minnesota ilianzisha mpango wa bima ya afya uitwao MinnesotaCare, kwa ajili ya wenye kipato ambacho hakitoshi kununua bima lakini si kidogo kiasi cha kuhesabiwa maskini kabisa. Mwaka 2023 ikapitisha sheria ya kifungua kinywa na chakula cha mchana bure shuleni kwa watoto wote, bila kuuliza baba anaingiza kiasi gani. Kuanzia Januari 2026 mfanyakazi wa hapa akipata mtoto anaweza kukaa nyumbani hadi wiki 12 huku akilipwa sehemu ya mshahara wake. Kima cha chini cha mshahara ni zaidi ya dola 11 kwa saa.

Vuka sasa uende Texas. Kima cha chini ni dola 7.25 kwa saa, kile kile cha serikali kuu ambacho hakijaguswa tangu 2009. Likizo ya uzazi yenye malipo inayosimamiwa na jimbo kwa wafanyakazi wa sekta binafsi hakuna. Unategemea huruma ya mwajiri. Texas pia ni miongoni mwa majimbo yaliyokataa kupanua Medicaid, ile bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Mtoto anaweza kupata, lakini mzazi mwenye afya yake, hata akiingiza dola mia chache tu kwa mwezi, anaambiwa amezidi kipato. Haishangazi kwamba Texas ndiyo inayoongoza Marekani nzima kwa asilimia ya watu wasio na bima ya afya.

Kwa kijana asiye na familia, hayo yote ni habari ya kusoma na kufungua ukurasa mwingine. Ana miaka 25, haumwi, analala popote. Akipoteza kazi anahamia kwenye kochi la rafiki. Lakini mwenye mtoto wa miezi 14 anamfahamu daktari wa watoto kuliko anavyomfahamu bosi wake. Homa ya usiku haisubiri kipindi cha kujiandikisha bima.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Huduma hizi za Minnesota hazikushuka na theluji. Zinalipwa na zile dola 283 tunazozinung'unikia kila mwezi.

Baridi inaweza kukufuata

Kuna watu walikimbilia Texas kukwepa baridi, na baridi ikawafuata. Februari 2021 dhoruba ya baridi ilipiga jimbo zima. Texas imejitenga, sehemu kubwa ya gridi yake ya umeme haikuunganishwa na gridi kubwa za nchi, kwa hiyo mitambo ilipoganda, msaada wa kuvuta kutoka kwa jirani ulikuwa mdogo sana. Zaidi ya nyumba na biashara milioni 4.5 zilikosa umeme, mabomba yakapasuka, watu wakawasha magari ndani ya gereji wapate joto na wengine wakafa kwa hewa ya sumu. Hesabu rasmi ya jimbo ilifikia vifo 246. Nyuzi zile zile za baridi hapa Minneapolis tungezipokea kama Jumanne ya kawaida, kwa sababu nyumba zetu, mabomba yetu na mitambo yetu vimejengwa vikijua baridi inakuja.

Na maji nayo. Agosti 2017 kimbunga Harvey kilimwaga zaidi ya meta 1 ya mvua kwenye baadhi ya maeneo ya Houston na jirani zake. Nyumba nyingi zilizoingiwa na maji zilikuwa nje ya ramani ya maeneo yanayohesabiwa kuwa hatarini. Hii ndiyo ile bili ya kujenga popote niliyoahidi kuifikia: mbuga zilizokuwa zikinywa maji zimefunikwa kwa zege. Halafu jambo ambalo Waswahili wengi hawalijui mpaka limewakuta ni kwamba bima ya kawaida ya nyumba hapa Marekani hailipi mafuriko. Hiyo ni bima nyingine, inanunuliwa peke yake. Julai 2024 kimbunga Beryl, ambacho hakikuwa hata cha daraja la juu, kiliwaacha wateja zaidi ya milioni 2 wa eneo la Houston bila umeme, wengine kwa siku nyingi, kwenye joto la Julai.

Wanaosema "basi twende Arizona, hakuna vimbunga" wakumbuke kwamba mwaka 2023 mji wa Phoenix ulikaa siku 31 mfululizo joto likifika au kuzidi nyuzi 43. Kaunti ya Maricopa, ulipo mji huo, ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto mwaka huo mmoja.

Kama kazi yako ni ya nje, ya kubeba boksi kwenye ghala lisilo na kiyoyozi au ya ujenzi, sikiliza na hili. Miji ya Austin na Dallas ilikuwa na kanuni za kuwapa wajenzi dakika 10 za kupumzika na kunywa maji kila saa nne. Mwaka huo huo wa 2023, Bunge la Texas lilipitisha sheria ya kuzuia miji isiwe na kanuni kama hizo. Joto unalolipenda Januari ni lile lile utakalofanyia kazi Agosti.

Bima isiyo na kampuni

Sasa niseme juu ya jambo ambalo halimo kwenye hesabu yoyote ya mtandaoni.

Shemeji yenu anaingia zamu ya usiku mara tatu kwa wiki. Mimi habari inaweza kuniita saa yoyote; nyumba ikiungua saa nane usiku mhariri hasubiri kuche. Usiku wa namna hiyo binti yetu analala kwa mama mmoja wa Kikisii anayeishi ghorofa ya chini. Tunamwita Mama, na mtoto atakapoanza kuongea vizuri atamwita bibi. Jumamosi Mama akienda kazini, wajukuu wake wawili wanashinda kwetu. Hakuna anayemlipa mwenzake. Nikitaka kununua huduma hiyo sokoni, mtu mwaminifu wa kumpokea mtoto usiku wa manane bila kumpa taarifa, sidhani kama ningeipata kwa bei yoyote ninayoimudu. Na Minnesota ni miongoni mwa majimbo yenye gharama kubwa sana za kulea watoto wachanga. Bila Mama, jimbo hili lingekuwa limeshatushinda.

Watu wa namna hii hawapakiwi kwenye lori la kuhamia. Unaweza kuwapata wengine, ndiyo. Houston ina Wakongo, Wakenya na Watanzania wengi, Kiswahili utakisikia sokoni. Lakini mji umetawanyika mno. Anayekaa Katy na anayekaa Baytown wote watakwambia wako Houston, na kati yao kuna zaidi ya kilometa 80. Bila magari mawili, mwenzako wa kijiji kimoja ni mtu wa kwenye simu tu. Jirani wa kumwachia mtoto hutengenezwa kwa miaka, kwa sahani za pilau zinazopanda na kushuka ngazi. Familia inayohama iweke hilo kwenye gharama, hata kama haina namba.

Mke akipata, mume akipoteza

Jambo lingine tunalolionea aibu kulisema ni hili: wanandoa wanaohama mara nyingi wanahamia kazi ya mmoja. Mwingine anafuata na kuanza upya.

Kwa muuguzi, Texas ni mlango mpana. Jimbo hilo limo kwenye mkataba wa leseni za wauguzi, ambapo leseni moja inakuruhusu kufanya kazi kwenye majimbo zaidi ya 40. Minnesota hadi mwaka 2025 ilikuwa haijajiunga. Kwa shemeji yenu hiyo ni nafasi ya kweli, na nisingependa awe mtu wa kuikataa kwa ajili yangu.

Kwangu mimi hali ni nyingine. Tangu mwaka 2005 Marekani imepoteza zaidi ya theluthi moja ya magazeti yake. Houston palianzishwa chombo kipya kisichotafuta faida, Houston Landing, kikaanza kuchapisha mtandaoni mwaka 2023 kwa mtaji wa mamilioni ya dola kutoka kwa wafadhili. Mei 2025 kilifungwa na watu zaidi ya 40 wakakosa kazi. Mji wa nne kwa ukubwa nchini, wenye fursa kibao, na bado kwa kazi yangu mlango ni mwembamba.

Wapo wanaoniuliza kwa mzaha wenye mwiba: "Kwa hiyo wewe ndiye utakayemfuata mke?" Jibu langu ni ndiyo, kama hesabu ya familia inasema hivyo. Mama zetu walifuata wanaume kutoka Bukoba hadi Mtwara, wengine wakaacha kazi za ualimu walizozipenda, na hakuna aliyewatania. Lakini hesabu hiyo lazima iandikwe na wote wawili, na anayepoteza atajwe wazi kwamba anapoteza. Asiambiwe tu "utapata kitu huko". Nyumba nyingi za Waswahili ughaibuni hazikuvunjwa na baridi, zilivunjwa na hicho "kitu huko" ambacho hakikupatikana.

Minnesota nayo si malaika

Mtu asije akasoma hapa akadhani nalipigia debe jimbo la baridi. Minnesota ina huduma nzuri na pia ni miongoni mwa majimbo yenye pengo kubwa zaidi kati ya weupe na weusi katika kumiliki nyumba. Unaweza kuishi hapa miaka 15, mtoto anakula shuleni bure, na bado ukawa mpangaji. Wanaokwenda Texas kununua nyumba hawakurupuki. Wanakimbia ukuta ambao wameugonga kwa miaka.

Na kuna jina moja ambalo sisi wa Minneapolis hatuwezi kuliruka. George Floyd alikulia Houston, mtaa wa Third Ward. Alihama kutoka jimbo la joto kuja jimbo la baridi kwa sababu zile zile zinazotutoa sisi hapa: kutafuta kazi na kuanza upya. Alipata kazi ya ulinzi, ugonjwa wa korona ukaiondoa, na tarehe 25 Mei 2020 polisi alimpigia goti shingoni mpaka akafa. Alikuja barabara ile ile tunayotaka kuishuka. Simtaji kutisha watu. Namtaja kwa sababu kila upande wa barabara hiyo kuna mtu anayeamini kwamba upande wa pili ndiko kwenye nafuu.

Kwa hiyo?

Nimekaa na shemeji yenu tumeandika masharti, na ninayaweka hapa kwa sababu naamini yanafaa familia yoyote changa inayotazama kusini.

Kwanza, bima ya afya ya kazini ianze siku ya kwanza ya ajira, siyo baada ya siku 60 au 90, na iwe imeandikwa kwenye mkataba. Texas hakuna mkeka wa kuangukia.

Pili, akiba ya miezi sita kabla ya kuondoka. Pesa ya lori na ya dhamana ya nyumba haihesabiwi humo.

Tatu, kupanga kwanza, kutonunua kabla ya kupitisha kiangazi kizima na msimu wa vimbunga. Na kabla ya kusaini, uliza mafuriko. Tangu 2019 sheria ya Texas inamtaka muuzaji aseme kama nyumba iliwahi kuingia maji, na tangu 2022 mwenye nyumba ya kupangisha lazima amwambie mpangaji kama iko kwenye eneo la mafuriko au ilifurika ndani ya miaka mitano. Haki hizo zipo, wengi wetu hatuziulizii.

Nne, anayefuata naye awe na mpango ulioandikwa na wenye tarehe. Wangu una miezi tisa. Nitatafuta kazi ya uandishi nikiwa nalea mtoto mchana. Ikishindikana nitasomea ualimu, na hilo tumelikubali wote sasa hivi, mezani, siyo siku ya ugomvi.

Tano, tuwe na angalau familia moja ya kufungua mlango saa nane usiku. Tumeshaanza kuwatafuta. Tutapanga karibu nao hata kama pango ni kubwa kidogo.

Hospitali ikikubali sharti la kwanza, tutaondoka mkataba wetu wa pango hapa ukiisha. Ikikataa, tutabaki na makoti yetu, na shemeji yenu atatafuta hospitali nyingine kwa masharti yale yale. Sioni aibu kwa lolote kati ya hayo mawili. Aibu ningeiona kama tungempakia mtoto kwenye gari kwa sababu ya picha za watu waliovaa kaptula mwezi wa Januari.

Mlioko Houston, Dallas, Tampa au Phoenix, nisahihisheni kama nimepunja. Na mlioko huku kwenye barafu, kabla ya kutangaza safari harusini, kaeni wawili muandike.

Naomba kutoa hoja.